Taya la Atupele

Isongole, 5 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Habari za Lufingo, na watoto wa kaka wanaendeleaje? Sisi wazima, isipokuwa mimi na hili taya. Kiungo cha karibu na sikio kinalia nikipiga miayo, na asubuhi mdomo haufunguki, hata kijiko cha uji kinagoma kupita. Alhamisi ijayo nakwenda kliniki Tukuyu kwa mara ya kwanza.

Jirani yangu Agness aliwahi kutibiwa taya. Kaniambia nijiandae: wataniuliza lilianza lini, nikitafuna nini linauma zaidi, nimemeza dawa gani, na kama niliwahi kuumia.

Mama, wewe peke yako unajua kwamba lilianza siku aliyonipiga Erasto. Naandika barua kwa sababu simu yangu anashika yeye. Nimwambie daktari? Naogopa. Njoo unisindikize.

Mwanao,
Atupele

Lufingo, 9 Juni 2024

Mwanangu Atupele,

Marahaba. Huku hatujambo, mvua tu na baridi. Pole sana. Kula vitu laini, acha mahindi ya kuchoma.

Nimemwita mumeo, tumezungumza vizuri. Amejuta. Atakusindikiza yeye. Daktari akiuliza, sema ng'ombe alikupiga teke ukikamua. Mambo ya ndani hayatolewi kwa wageni, mwanangu. Ndoa ni uvumilivu.

Mama yako

15 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Erasto aliingia nami hadi kwa daktari. Nilipoulizwa, akanitangulia: "Ng'ombe, daktari. Alimpiga teke akikamua." Maneno yako, mama, hata hakuyabadilisha. Nikamtazama mdomoni nikakusikia wewe.

Daktari, mama mmoja mpole, akamwomba asubiri nje. Akaniuliza tena, taratibu. Nikasema yote, kwa mdomo huu usiofunguka vizuri. Mfupa haukuvunjika, kiungo ndicho kilichoumia. Nimepewa dawa na mazoezi ya taya, nitarudi tena. Kisha akaniitia dada wa ustawi wa jamii, tukatokea mlango wa nyuma.

Erasto nilishamjua. Mkono wake ukiinuka, najikinga. Kwako sikujikinga, mama. Nilikuita unishike mkono, ukamkabidhi yeye.

Nalala salama. Nakula uji. Sikuandika mahali hapo juu, na usimuulize Agness, naye hajui. Ningekuambia nilipo, ungemwambia.

Mwanao,
Atupele