Sigara Zako, na Uliyomwambia Mukaka Kavugho

Mpendwa baba Paluku,

Jumapili iliyopita mchungaji alihubiri tena juu ya sigara. Alisema mwili ni hekalu, na asiyetunza hekalu asishangae likimwangukia. Wamama wote wa benchi letu wakageuka kunitazama kwa huruma ile inayochoma kuliko tusi. Nikaweka macho kwenye kitabu cha nyimbo. Wao wanakulaumu kwa ajili ya moshi. Moshi mimi nilishakusamehe zamani, ila nina yangu moyoni, na leo nimeona nikuandikie.

Unakumbuka ulivyokuwa kabla ya vita? Ulikuwa dereva mwenye kelele kuliko injini yake. Ukirudi kutoka Beni kupeleka maharagi na viazi, ulinisimulia barabara nzima: nani amekwama kwenye matope ya Kalunguta, mama gani amepakia mbuzi akasema ni mizigo, askari gani wa kizuizini amekuomba hata kandambili zako. Mimi nilikuwa na ungo wa maharagi mapajani, nachambua, nauliza "halafu?", nawe unaendelea. Majirani walisema mama Paluku ana bahati, bwana yake anaongea nyumbani. Nilijua wanasema kweli, na nilijivuna sana.

Kisha wanajeshi wakalichukua lori pale Mavivi, na wewe pamoja nalo, kwa sababu hakuna kati yao aliyeweza gia zake. Mvua zilikuja zikaisha, zikaanza tena, ndipo ukarudi kwa miguu, mashavu yameingia ndani, na pakiti ya sigara mfukoni. Wewe, ambaye zamani ulimfukuza msaidizi wako akavutie mbali na lori. Nilikupikia fufu na samaki wa makayabo, nikakaa mbele yako nikangoja. Ulikula, ukasema, "Aksanti, mama Paluku," ukatoka nje kuwasha. Nikajiambia kwamba umechoka, utasema kesho.

Mtaa haukungoja kesho. Siku zile kuvuta kulikuwa mambo ya wanajeshi na wahuni, na mtu wa kanisa aliyeonekana na sigara alihesabiwa pamoja nao. Jirani yetu alikuwa akiwaita watoto wake ndani ukipita. Kanisani walikuweka chini ya nidhamu: benchi la nyuma kabisa, bila Meza ya Bwana, kati ya msichana aliyepata mimba na yule mzee mlevi wa kasiksi. Nilikuwa nakuimbia kutoka kwenye kwaya, nawe unatazama dirishani. Hata yule mzee wa kasiksi nilimwonea wivu, kwa kuwa mara moja nilikuona unamnong'oneza kitu akatikisa kichwa.

Halafu wale waliokuwa wameshika mji wakatoa amri. Vibanda vya mitumba vilikuwa vimeungua sokoni, ikasemekana ni kipande cha sigara kilichotupwa. Redio ikatangaza: ni marufuku kuvuta sokoni, barabarani, kwenye bureau za serikali, mbele ya shule na mbele ya kanisa, atakayeshikwa atatozwa pesa za amende. Askari waliotumwa kushika watu walikuwa na sigara midomoni, na zile walizonyang'anya waliziwasha papo hapo. Hata hivyo mtaa ulifurahi, na mimi nilifurahi kuliko mtaa. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: hutakuwa na pa kuvutia ila nyumbani, na mtu akikaa nyumbani na sigara yake, mwishowe ataongea. Nikakuwekea kiti nyuma ya jiko, nikaweka na kopo la majivu. Nilikutegea kama mtu anayetega kuku wake mwenyewe.

Ulikaa pale mara moja tu. Nilileta ungo wangu karibu, nikauliza njia ilikuwaje kule walikokupeleka.

"Njia ni njia, mama Paluku," ulisema. "Minaongea nini juu ya njia?"

Ukavuta haraka haraka ukitazama ukuta, ukazima, ukaenda zako.

Ile amri niliyoipigia makofi iliwafukuza wavutaji wote barabarani ikawamwaga mahali pamoja, uani kwa yule bibi kizee, Mukaka Kavugho. Zamani alikuwa mjane tu wa upande wa Kamango, aliyezoea kuvusha tumbaku na chumvi kutoka Uganda mpaka vita vikamleta Butembo. Alivuta kiko chake mchana kweupe na kuuza sigara moja moja. Mtaa ulimwita mchawi, ukamwita na malaya, ingawa kwa umri wake na meno yake hilo la pili lilihitaji imani kubwa. Amri ile ikamjengea jina bila yeye kunyanyua tofali. Wamama wakaanza kuniambia bwana yako anashinda kule, na lisemwalo lipo, mama Paluku, na kama halipo laja.

Angekuwa msichana mwenye kiuno, ningejua la kufanya. Ningevaa kitenge changu kizuri, ningemwendea na mashemeji zako, tungemaliza. Mchana mmoja nilipitia kule na beseni la ndizi kichwani, nikachungulia kwenye uzio wa matete. Ulikuwa juu ya kigoda, magoti yako karibu na yake, sigara kwenye vidole, na mikono yako inaendesha usukani hewani. Ulikuwa unamsimulia barabara. Yeye anashindilia tumbaku kwenye kiko, hata hakutazami, anasema tu, "Halafu?" Nawe unaendelea. Neno langu, kinywani mwa mwanamke asiye na meno. Nikatua beseni.

Nikaingia. Nikamwambia, "Mukaka, na miye unipe moja."

Hakushangaa. Alinipa, akanisogezea kaa la moto. Wewe ndiye uliyeruka.

"Hapana, mama Paluku. Hii kitu haiko ya bamama ya kanisa."

"Na yeye?"

"Yeye iko mukaka, mutu muzee. Wewe bado uko na jina."

Niliwasha hivyo hivyo. Nilikohoa mpaka kitambaa kikanianguka, na wanaume wote wa ua ule wakacheka. Ulinitoa sigara vidoleni kwa upole, ukaniokotea kitambaa, ukanishika mkono mpaka nyumbani kama mtu anayerudisha mtoto shuleni. Njia nzima hukusema hata neno moja. Siku ile nilikuchukia, baba Paluku, na sijui kama uliona.

Kifua kilipokushika, muuguzi alikuuliza kama unavuta kabla ya kukuuliza unaumwa wapi. Watu walikuja kukuona wakasimama mlangoni, wakasema pole, wakitoka nje wakasema alijitakia. Mimi nilikuosha, nikakugeuza, nikaendelea kungoja. Katika homa ulitaja majina ya watu nisiowajua, ukataja daraja, ukasema "nisimame, nisimame". Nilidhani unataka kuinuka. Nilikuinua, ukanitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Na baada ya hapo hukusema tena.

Kwenye kilio chako Mukaka Kavugho alikuja bila kiko, akasimama kwenye lango. Mama mmoja wa kanisa akasema kwa sauti, "Ule hapana ingia. Ni yeye alimuua na matumbaku yake." Nikainuka. Walidhani nakwenda kumpiga. Nilimshika mkono, nikamkalisha kwenye mkeka karibu yangu, na mpaka leo mchungaji ananitolea mfano wa msamaha. Sikusamehe kitu. Nilimwambia sikioni, "Bitu ya bwana yangu iko kwako. Utanirudishia yote."

Anarudisha. Vita vyenyewe vimekwisha, husemwa, na amri ile haina tena wa kuisimamia, lakini yeye bado anakuja Jumamosi. Anavuta ndani ya nyumba yangu, mapazia yananuka, na wamama wa kanisa wanapokezana kuniuliza kama naanza kupotea. Nawaacha waulize. Ni yeye aliyenieleza daraja. Ni yeye aliyenieleza asubuhi ile walipokuwekea bunduki ubavuni wakakuambia usisimame hata ukiona watu barabarani, nawe uliona watu pale darajani, na hukusimama. Kumbe hilo ndilo hukutaka mke wa kwaya alisikie. Ungeniambia. Ningekaa nalo usiku na mchana, ningelibeba upande wangu, na bado ningekupikia. Badala yake ulimpa mwanamke aliyekuwa anawasha kiko.

Jumamosi iliyopita nilimuuliza lile ambalo nilikuwa naliogopa.

"Na miye, mukaka? Juu yangu alikuwa nasema nini?"

Alikung'uta kiko chake kwenye kopo la majivu.

"Wewe? Hakuna kitu, mama. Akifika kwako ananyamaza. Ananyamaza murefu."

"Ananyamaza namna gani?"

"Sijue kuisema. Ilikuwa ya kusikia tu."

Nikamwambia aende, sitaki habari zaidi. Alipofika mlangoni nikamwambia arudi Jumamosi. Nitafanya nini? Hata kimya chako juu yangu, ni yeye aliyekisikia.

Pumzika, baba Paluku. Siku nitakapokufuata huko, usinianze kwa salamu. Niambie yote kwa kinywa chako, hata kama nimekwisha kuyasikia kwake.

Ni mimi mke wako,
mama Paluku