Mama Beatha Bado Yuko Kwenye Ubao

Mke wangu amekufa. Hii ni wiki ya saba. Alianguka jikoni, presha, hakufika hospitali.

Bi Shamsa wa redioni, shikamoo kama umenizidi umri. Mimi kibarua, nabeba kreti kwenye banda la kufungashia mboga huku njia ya Soni. Shule niliishia la nne, usinicheke mwandiko. Naomba msaada, nimefanya jambo na sijui natokaje.

Kazini kuna vitu viwili. Kimoja tunaita Kabati, lakini si kabati, ni kompyuta iko ofisini Lushoto mjini, makaratasi yetu yote wameyapiga picha yamo humo, mkataba, kitambulisho, cheti cha daktari. Kingine ni Ubao. Zamani ulikuwa wa chaki kweli, siku hizi ni simu kubwa imetundikwa mlangoni, ukifika asubuhi unaona jina lako na kazi yako ya leo, ukimaliza unabonyeza panakuwa kijani. Kabati na Ubao havijuani. Ukileta cheti kwamba unaumwa, Kabati linajua, Ubao unakupangia kazi vilevile.

Mke wangu alikuwa meza ya tatu, anachambua karoti. Kwenye kitambulisho ni Esta Rubeni. Hilo jina hata mimi nilikuwa simwiti. Tangu tumzae binti yetu yeye ni Mama Beatha, kanisani Mama Beatha, sokoni Mama Beatha. Siku ya kuandikwa kwenye Ubao msimamizi wa zamani aliuliza huyu nani, wanawake wakajibu kwa pamoja, akaandika hivyo.

Alipokufa nikapeleka cheti cha kifo ofisini. Kikaingia Kabati. Esta Rubeni wakamfuta humo, mshahara ukasimama, sawa. Nikazika. Nikarudi kazini. Asubuhi nasoma Ubao, Mama Beatha, karoti, meza ya tatu.

Nikamaliza kreti zangu, nikaenda kusimama pale pake nikachambua karoti zake, nikabonyeza, pakawa kijani. Kesho yake tena. Msimamizi ni mgeni, Ibrahimu, ametoka Korogwe mwezi uliopita, yeye anaangalia kijani tu. Wanawake wa meza ile wanajua, walininyamazia. Isipokuwa Dotto, huyo mdomo wake haufungwi, alisema, "Baba Beatha, kesho uje na kitenge basi, tukuzoee." Wakacheka. Na mimi nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya kreti nikakaa.

Sasa kuna dada anaitwa Halima. Anapanda kutoka bondeni kwa miguu kila asubuhi kuomba nafasi. Ibrahimu anamwonyesha Ubao, meza ya tatu imejaa, rudi kesho. Wenzangu walimwambia Mama Beatha anaumwa, kunisitiri. Wiki iliyopita kanisimamisha getini, mtoto mgongoni. Akasema, "Shikamoo baba. Samahani, huyo Mama Beatha anapona lini?"

Nikamwambia bado.

Hilo ndilo lisiloniacha, Bi Shamsa. Bado. Nimelisema kwa mdomo wangu.

Halafu Alhamisi kanipigia Rahma, karani wa ofisini. Anasema mafundi wanaunganisha Kabati na Ubao, karatasi ikiingia huku, kule kazi inajipanga yenyewe, mgonjwa hapangiwi, aliyekufa anatoka. Majina yote yamekutana, limebaki moja. "Baba, Mama Beatha hana karatasi hata moja, ila namba yake ya simu ni hii yako. Esta Rubeni na Mama Beatha ni mtu mmoja?"

Simu tulikuwa nayo moja, mimi na yeye.

Nikasema sio mmoja.

Akasema, "Haya, basi Jumatatu mlete huyo Mama Beatha na kitambulisho chake."

Tangu hapo sijaenda kazini. Nikisema kweli wanamtoa, na pale kwenye Ubao ndipo mahali pa mwisho anapoitwa kila siku. Nyumbani hakuna wa kumwita. Beatha ameolewa Rangwi. Nikinyamaza, Jumatatu nitamleta nani? Sili. Niambie la kufanya.

Baba Beatha

*

Baba Beatha, marahaba. Nimekuzidi, na barua yako nimeisoma hewani bila kuruka neno. Pole sana. Aliyezoea kumwita mtu kila asubuhi hawezi kuacha kwa siku saba wala kwa wiki saba.

Sasa nisikilize, na usizime redio.

Kuchambua karoti za mkeo si kosa, baba. Ungekuwa umechambua tu, ningekwambia endelea mpaka moyo upoe. Kosa lako liko getini. Mwanamke mzima, ana mtoto mgongoni, anapanda mlima ule kila siku anamngojea marehemu apone, na wewe unajua. Na shikamoo alikupa. Ulikuwa unamtunza mkeo au unamkimbia Halima? Jijibu mwenyewe.

Na Rahma usimkasirikie. Amekuuliza kwa adabu, ukamdanganya. Mashine haikukosea hapo. Ilikuuliza jambo moja ambalo ni wewe tu duniani unalijua, ukalikana.

Kesho Jumatatu usipige simu, nenda mwenyewe mpaka ofisini kabla hujashika kreti. Mwambie Rahma hivi: Esta Rubeni ndiye Mama Beatha, nilisema uongo, nisamehe. Usiongeze maelezo. Weka dole gumba. Mwombe pia waandike majina yote mawili ya kila mama pale bandani, la kitambulisho na la kuitwa, asije mwingine akakwama kama wewe. Kisha shuka bandani umtafute Halima kabla Ibrahimu hajamrudisha, umwonyeshe mwenyewe meza ya tatu na pale Mama Beatha alipokuwa anasimama. Mwambie alikufa. Dotto akikutania, mwache akutanie. Huyo anakupenda kuliko walionyamaza.

Na kula. Hata ugali wa jana.

Unasema Ubao ndio mahali pa mwisho anapoitwa. Swali langu ni moja. Kwenye msalaba wa kaburi lake mliandika jina gani?

*

Ujumbe umeingia kabla kipindi hakijaisha, nausoma ulivyo:

"Bi Shamsa nimesikia. Nimetoka kaburini sasa hivi, si mbali. Niliandika mwenyewe kwa rangi, nilikuwa nimesahau. MAMA BEATHA. Esta haipo. Nimekula. Kesho naanzia kwa Rahma, kisha narudi kazini."