Mpini Mwekundu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Juni
Leo mama mkwe kaniletea kisu chake. Mpini umepasuka — mpingo, wa zamani kuliko ndoa yangu. Miaka ishirini na miwili natengenezea watu visu, yeye hajanipa hata cha kunoa! Hicho ndicho anachokatia mboga za bweni zima analolipikia, na hamwazimi mtu. Kasema nikitie mpini mpya, Jumatatu ijayo anakitaka jikoni. Nikaitikia kama mwanafunzi. Safari hii atanisifu, apende asipende.

Jumanne, 4 Juni
Nimeshinda kwa muuza mbao, napekua miti ya ng'ambo. Chafya kumi! Kuna wa zambarau — mzuri, ila ukikaa unageuka kahawia. Wa milia una vitundu, utanyonya maji ya jikoni. Halafu ule mwekundu! Nikaulowesha kwa mate, rangi ikawaka kama kaa. Mzito, baridi mkononi, mpingo mtupu kwa uzito. Muuza mbao kanionya: vumbi lake linawasha. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nimebeba yote mitatu.

Jumatano, 5 Juni
Nawashwa.

Ijumaa, 7 Juni
Mama mkwe kaja karakana kuchagua. Nilimpangia vipande vitatu dirishani, juu ya kitambaa cheupe. Sheria yangu ni moja: macho kwanza, mkono baadaye. Yeye hakuangalia hata. Kakishika kimoja kimoja, kakipima, kakinusa. Mwisho kaubana ule mwekundu kiganjani.

"Huu mweusi ndio wangu. Mpingo haufichiki."

Mweusi! Nikacheka, nikidhani ananitania. Hakucheka. Nikamwambia taratibu, Mama, huo ni mwekundu.

Kaupapasa ule mti tena. Kisha kaniambia. Macho yameingia ukungu tangu mwaka jana, daktari kasema hayarudi. Jikoni anakwenda kwa mazoea. Bweni wakijua watampumzisha, na mke wangu atamhamishia kwetu siku hiyo hiyo. "Nije kwenu nifanye nini, mwanangu? Nilinde redio?"

Anataka alama kwenye mpini, kidole kijue makali yako upande gani. Na nisimwambie mke wangu. Nikakubali! Sijui nilikuwa na akili gani. Alikuwa amenishika mkono, na hajawahi kunishika mkono.

Jumamosi, 8 Juni
Kazi imetoka. Pini mbili za shaba, msasa mpaka ule laini kabisa, mafuta mara tatu. Alama iko chini, upande wa makali — kishimo kidogo, ncha ya kidole inaingia. Sijawahi kutengeneza mpini mzuri hivi, na mwenyewe hatauona.

Nikafumba macho, nikajaribu kukata kitunguu. Cha kwanza sawa. Cha pili nikajikata kidole. Si sana. Nikafumbua macho haraka, nikatafuta kitambaa. Naogopa.

Jumapili, 9 Juni
Mama mkwe kaja kukichukua kisu, kakaa sebuleni na mke wangu. Kakipapasa, kidole kikatua palepale kwenye alama. "Sasa umekuwa fundi," kasema. Sifa yenyewe hiyo! Nimeingoja miaka yote hii, na leo natamani angeninyima.

Mke wangu kakipokea kisu, kakigeuza kwenye mwanga. Kausifia mti, rangi, pini. Kisha kaona kishimo. Hiki ni cha nini? Fundi mzima kakosea? Halafu kaona kitambaa kidoleni mwangu. Na kidole umekifanya nini?

Mama mkwe kageuka ili anikonyeze. Kakonyeza kabati. Mimi nilikuwa upande wa pili, karibu na mlango.

Mke wangu kaona. Kamtazama mama yake, kanitazama mimi. Kakiweka kisu mezani.

Nikasema nafuata karatasi ya kufungia kisu. Niko karakana, naandika nimesimama. Karatasi ninayo mkononi. Mke wangu anaita — hasemi "mume wangu", ananiita kwa jina langu.