Fuvu Lililorandwa

Chapwa, Tunduma
Juni 14, 2025

Mpendwa mdogo wangu Loisi,

Habari za Kitwe? Mwanao Faith anaendeleaje na kuota meno? Sisi tu wazima, ila mimi nimevimba mdomo na jino moja la mbele halipo. Usicheke. Simu yako haipatikani, ndiyo maana namkabidhi dereva wa lori barua hii.

Jino kalivunja Jofrey, mtoto wa kaka yetu Yesaya, kwenye karakana ninakofundisha, mbele ya darasa zima. Lakini shoka nilishika mimi kwanza.

Wanafunzi wangu wa kubuni samani nawaimbia kila siku: nunueni paina ya Ileje, hata kama ni ghali. Mbao za paleti, zile chaga za kupangia mizigo, zinazotupwa na malori mpakani ni za bure, lakini nyingine zimebeba sumu za migodini. Ukiona ubao umechapwa fuvu, alama ya sumu, acha. Basi Jumatano namkuta Jofrey anapiga msasa kitanda cha mtoto, kizuri hasa, vumbi limemjaa puani. Ubao mmoja pembeni bado una nusu ya fuvu. Kumuuliza, akajibu kwa fahari, "Usiogope shangazi, fuvu naliranda lote. Mbao zinabaki safi."

Loisi, damu ilinichemka! Somo kalikariri lote, akaelewa kwamba sumu ni ile picha, kumbe imelowa ndani ya mbao. Nikakipasua kile kitanda. Pigo la kwanza mguu, la pili ubavu, vipande vinaruka, wasichana wanapiga mayowe. Jofrey akanirukia, tukaanguka chini, akanitandika nyundo ya mti mdomoni. Shoka sikuliachia. Mlinzi Gwakisa ndiye aliyetutenganisha. Jioni Yesaya akamchapa mwanawe mpaka fimbo ikakatika, nami nilifurahi, Mungu anisamehe.

Hapo niliishia kuandika jana. Leo asubuhi Jofrey kaja analia, na si kwa sababu ya fimbo. Kile kitanda alichokutumia mwaka jana ni cha mbao zilezile. Nimeitazama tena picha uliyotutumia: Faith kasimama, anatafuna ukingo wake. Tuliicheka sote.

Mtoe humo sasa hivi. Usikichome, usikifanye kuni, wala usikipasue kama mimi, maana vumbi lake ni baya. Kitoe nje, mbali na watu. Mpeleke Faith hospitali, uwaambie alichokuwa anatafuna.

Dereva anapiga honi. Msalimie shemeji Abrahamu na mama mkwe wako. Yesaya anawasalimu. Jofrey yupo hapa mlangoni, hathubutu kutuma salamu.

Mungu aufunge mdomo wa Faith mpaka barua hii ikufikie.

Dada yako akupendaye,
Atuganile