Harusi Iliyongojea Rasi Ghuli

Kiegeani, Mfunguo Mosi 1326

Kaka yangu Hilal, shikamoo. Huku sote wazima, ila mimi nimejaa hasira. Baba ameahirisha tena harusi yangu na Muhidini. Kwa hesabu za falaki alizoachiwa na babu, nyota ya Rasi Ghuli ilikuwa ififie usiku tuliopanga. Haikufifia. Baba anasema imeasi, na bintiye haolewi mpaka irejee kwenye hesabu. Wewe unamfanyia kazi Mdachi wa darubini, na baba hamsikilizi mtu ila wewe. Njoo useme naye.

Mdogo wako, Mwanaheri

Dar es Salaam, Mfunguo Pili

Mdogo wangu, marahaba. Nami sijambo, homa imeniachia. Msomee baba haya: nyota ile ni mbili zinazozungukana. Ile hafifu ikipita mbele ya mwenzake, mwanga hupungua, kisha hurudi. Na muda wa mzunguko wao haukai sawa. Miaka ikipita husogea kidogo kidogo, na wataalamu wa Kidachi wangali wanabishana kwa nini. Haikuasi, hesabu ya babu ndiyo imezeeka. Natamani ungeiona! Kuja siwezi, huu ndio wakati wa kuitazama.

Kaka yako, Hilal

Kiegeani, Mfunguo Tatu

Kaka, shikamoo. Nilimsomea. Aliinyakua barua akaitia motoni. "Hilal anamwita babu yake mwongo!" akapiga kelele hadi majirani wakatoka. Sasa hataki hata jina la Muhidini litajwe, na mama yake Muhidini ameanza kumtafutia mke Kilindoni. Nilikuomba uje, ukaniletea nyota. Kama muda wake unasogea, nitangoja mpaka nife. Hilo hukuliona? Panda chombo uje!

Mdogo wako, Mwanaheri

Miburani, Mfunguo Nne 1327

Hilal,

Umekaa kimya, basi sikuamkii. Nilikwenda mwenyewe kwa kadhi, jirani yetu Mwanamkuu akanisindikiza. Baba akaitwa.

"Kijana ana ila gani?" kadhi akamwuliza.

"Hana ila. Nyota haijarejea."

"Sheria haizuii ndoa kwa ajili ya nyota, Sheikh Sleyum. Mwozeshe, au nitamwozesha mimi."

Baba akaondoka bila kuaga, na kadhi akaniozesha. Sasa nakaa huku Miburani kwa mume wangu. Nimempelekea baba chakula, amekirudisha na kawa juu yake, hakukifunua. Siku ya harusi ndugu zake Muhidini walijaa ukumbini. Upande wangu alikuwa Mwanamkuu tu. Usiniandikie tena habari za mbinguni. Baba yuko peke yake, hana wa kumpikia. Njoo umpikie wewe.

Mke wa Muhidini