Mfumo Haukutambui

4 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila nina hasira. Yale matone yangu ya presha ya macho, si nilikuwa naonyesha kadi ya bima tu pale hospitali, napewa? Sasa wameleta utaratibu mpya: bila alama ya kidole, hakuna huduma. Nimeweka gumba, mashine ikagoma. Nimeweka vyote kumi, ikagoma. Saruji imevila, vimebaki laini kama sahani. Binti wa dirishani ananiambia, "Mzee, mfumo haukutambui." Nikamwambia huo ukuta anaouegemea nimeujenga mimi. Akaita mtu wa nyuma yangu.

Madukani hayo matone hayapo. Na jicho lenyewe limebaki moja.

Baba yako

19 Februari

Baba,

Shikamoo. Pole sana. Mimi sijambo, kazi tu. Nimepiga simu ofisi ya bima, huyu ananirusha kwa yule, wa mwisho kasema mgonjwa aende mwenyewe na kidole chake. Nilitamani kuivunja simu. Ila wanasema ukiacha saruji ngozi hurudi. Acha kazi, baba, nakuomba. Paka mafuta.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu,

Hujambo huko? Kazi nimeacha. Nakaa barazani napakwa mafuta na mama yako utadhani bwana harusi. Mashine bado inagoma. Daktari alitaka kuniandikia kwa mkono, stoo ya dawa wakamkatalia, eti mpaka mfumo uruhusu. Jicho lina ukungu pembeni. Naandika kwa kuinamia karatasi.

Baba yako

2 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimeandika mara mbili hujanijibu. Kama umenikasirikia, nitukane, lakini andika.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Usishtuke, mwandiko ni wa jirani. Sijakukasirikia. Jumatatu mashine imekubali gumba langu, watu wa foleni wakapiga makofi. Nikapewa matone, tena na ya miezi iliyopita. Daktari akanimulika jicho, kisha akasema nisihangaike kuyatia. Nikamuuliza, sasa nimekubaliwa nini? Akazima tochi yake, maskini, naye ameajiriwa tu. Mama yako kanishika mkono hadi nyumbani.

Nina hasira, mwanangu, na sioni wa kumpelekea. Barua usilete tena. Mambo yetu kusomewa na watu sitaki. Ukiwa na neno, njoo uniambie.

Baba yako