Shimo la Matofali Uani Kwangu

Jumatatu, 18 Machi 1974
Matofali arobaini leo. Hakuna kijana Ujiji anayenishinda kufyatua. Wenzangu wamemaliza darasa la saba, wana vyeti, wanalala kwa mama zao. Mimi niliishia la nne na nina nyumba. Kaniachia marehemu baba, sawa, lakini mwenye nyumba ni mwenye nyumba. Udongo nachimba hapohapo uani. Shimo limenifika kiunoni.

Jumanne, 19 Machi
Nimenunua karai la dagaa. Ua mzima tope, niwaanike wapi? Nikalaza vijiti juu ya shimo, nikatandika matete, nikawamwaga juu. Jua kwa juu, upepo kwa chini. Akili hii shule hawafundishi.
Jirani yangu Bi Zaina, anayenunua dagaa ufukweni akauze soko la Mwanga, kachungulia. "We Hamisi, hao utakula na kunguru."
"Kunguru wa kwangu wana adabu, Bi Zaina."
Kacheka.

Jumatano, 20 Machi
Mguu umevunjika. Wa Bi Zaina. Nilikuwa kwa kinyozi. Kunguru walishuka, akaingia kuwafukuza, akakanyaga matete. Kwake matete hutandikwa chini, angejuaje? Wamemtoa watu wanne. Mfupa wa muundi.
Watu wakauliza, shimo la nani hili? Nikajibu, nani alimwita uani kwangu?
Nimejisikia vibaya maneno yakiwa bado mdomoni.

Alhamisi, 21 Machi
Mjumbe wa nyumba kumi kaja, kapima shimo kwa fimbo yake. Kasema mwenye ua ndiye atakayejibu. Jumamosi baraza. Mume wa Bi Zaina anataka mahakama kabisa.
Jioni kaingia baba mdogo kutoka Mwandiga. Hakuja kunipa pole. "Mwanangu, waambie nyumba ni yangu, wewe unailinda tu. Nitajibu mimi." Sauti laini kama mawese. Tangu msibani anaitaka nyumba hii. Nikisema ni yake, kesi yake, na nyumba yake, mbele ya mashahidi. Nikisema yangu, ule mguu ni juu yangu.

Ijumaa, 22 Machi
Nimepita mlangoni kwa Bi Zaina mara tatu. Sikuingia. Nimemsikia akiugulia maumivu.
Nakaa, nasimama. Baba mdogo ananiangalia, anachokonoa meno.
Naogopa. Basi.

Jumamosi, 23 Machi
Mjumbe kauliza, "Nyumba ile ya nani?" Baba mdogo kafungua mdomo. Nikamwahi.
"Yangu. Na shimo langu. Nililifunika mwenyewe, sikumwambia mtu."
Mume wa Bi Zaina kanigeukia. "Alikuwa anakufukuzia kunguru. Unajua?"
"Najua, mzee. Nisamehe."
Kasema mahakama basi. Baraza limeamua: shimo nilifukie leo leo. Na mpaka Bi Zaina atembee, ndoo zake za maji na karai lake la kwenda Mwanga ni kichwani kwangu. Baba mdogo kaondoka bila kuaga.
Udongo haukutosha. Nimevunja matofali yangu, yote, nikayarudisha shimoni. Nimelia. Kidogo tu.

Jumapili, 31 Machi
Shingo imekakamaa. Wanawake wa sokoni wananiita bibi harusi, eti natembea kama nimefunikwa kanga. Nikawajibu bibi harusi gani ana ndevu. Wakasema ndevu ziko wapi.
Bi Zaina anafundisha akiwa kitandani. Nimechagua dagaa wabaya, nimefunga kata ya kichwani vibaya, nimeuza kama mtu anayekimbizwa. Sibishi. Najiuliza usiku, je, mguu usipounga? Hilo hakuna aliyelitaja barazani.

Jumatano, 24 Aprili
Wamemfungua vijiti alivyofungwa mguuni. Mguu umekonda kuliko mwenzake.
Alasiri katoka nje na mkongojo. Kakanyaga chini. Kakanyaga tena. Ya tatu kashindwa, kakaa kizingitini, jasho linamtoka, akasema kesho tena.
Nilikuwa karibu, mikono tayari. Nikachukua ndoo, nikaenda ziwani.